Mimi ni mashoto, na sefti ya bunduki yangu haikujua hilo

Kuandika, kukata kwa kisu, kutupa jiwe, vyote naanza na mkono wa kushoto. Jicho langu lenye nguvu nalo ni la kushoto. Kwa hiyo mwalimu wangu wa kwanza wa shabaha alipojaribu kunihamishia kitako bega la kulia, nilijiona kama mtu aliyevaa viatu vilivyopishana miguu. Baada ya siku mbili akaniacha. "Haya, piga unavyoweza," akasema, "ila sefti ndiyo sefti." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonitesa.

Bunduki yangu ni ya jamii ya AR-15, inayopiga risasi moja kila ukivuta triga. Sefti yake, yaani kifungio kinachozuia bunduki isifyatue, ni ulimi mfupi wa chuma ulioko upande wa kushoto, juu kidogo ya mpini. Eugene Stoner na wenzake wa ArmaLite walipoibuni miaka ya 1950 waliuweka ulimi huo mahali ambapo dole gumba la mkono wa kulia linatua lenyewe. Ukiusukuma chini bunduki iko tayari kufyatua, ukiuinua imefungwa, na mkono haujaachia mpini hata kidogo. Ni kazi safi sana, mradi uwe mtu wa kulia.

Kwa mashoto, ulimi uleule unaangukia upande wa kidole cha shahada. Kuufungua si taabu, unausukuma kwa kidole hichohicho kisha kinaingia kwenye triga. Ukitulia ukafikiri utaona ubaya wake: kidole kinachofungua sefti ndicho kinachofyatua, na vitendo viwili vinakuwa kimoja. Kuufunga ndiyo shughuli yenyewe. Ama uzungushe dole gumba juu ya bunduki hadi upande wa pili, ama uachie mpini, ama uazime mkono wa kulia ulioshika mbele. Nilijaribu njia zote tatu. Mwishowe nikafanya wanachofanya wengi walio kama mimi, ingawa hawasemi: sikuifunga. Nikimaliza mfululizo wa risasi nilishusha mtutu, nikatoa kidole kwenye triga, nikasubiri amri inayofuata sefti ikiwa wazi.

Siku moja msimamizi wa uwanja alipita nyuma ya mstari, akainama karibu na sikio langu. Hakupiga kelele. "Ndugu yangu, hiyo ni mara ya nne leo." Nilikuwa sijahesabu. Yeye alikuwa anahesabu.

Nilirudi nyumbani nikiwa na aibu, na aibu ikanifanya nisome. Kumbe shida hii ina historia ndefu. Maganda ya AR-15 yanatokea upande wa kulia, na mashoto wa zamani walikuwa wakiyapokea usoni, mpaka toleo la M16A2, bunduki ya jeshi la Marekani ya ukoo huohuo, lilipowekewa kile kinundu nyuma ya tundu la kutolea maganda ili kuyageuzia mbele. Waingereza walio na SA80, bunduki ya jeshi lao, hawana mjadala: bolti (chuma kinachokwenda mbele na nyuma kupakia risasi) na tundu la maganda viko jirani na shavu, hivyo askari wote hupiga kwa bega la kulia, mashoto au si mashoto. Wajerumani walipotengeneza bunduki yao ya kijeshi, G36, waliweka ulimi wa sefti pande zote mbili tangu kiwandani. Ukikumbuka kwamba karibu mtu mmoja kati ya kumi ni mashoto, unajiuliza kwa nini hilo lilichukua muda wote huo. Hata hivyo kwa AR-15 dawa ni nyepesi: unaondoa sefti ya upande mmoja, unaweka yenye ndimi mbili. Kwanza niliuliza wanaohusika na kibali changu kama kipuri hicho kinaruhusiwa, maana sheria za silaha hazifanani na kosa la namna hiyo halisameheki kwa kusema sikujua. Nikaambiwa kinaruhusiwa.

Kuchagua kulinichukua muda mrefu kuliko kufunga. Sefti ya kawaida huzunguka nyuzi 90 kutoka kufungwa hadi kufunguka. Zipo za nyuzi 60, zipo za 45, na wauzaji wanazisifia kwa sababu dole gumba linasafiri kidogo. Mimi nilibaki na 90. Alama za SAFE na FIRE zilizochongwa kwenye bunduki yangu zimepangwa kwa nyuzi 90, na sitaki kuwa na sefti inayoelekeza katikati ya maneno mawili. Mtu anayeshindania nusu sekunde ana haki ya kuona vingine. Mimi nilikuwa napambana na tabia mbaya, si na saa.

Jambo la pili ni urefu wa ndimi, na hapa ningemshauri kila mashoto asome mara mbili. Ulimi ulio upande wa dole gumba unataka kuwa mrefu. Ule wa upande mwingine ukiwa mrefu pia, sefti ikifunguliwa unashuka na kujichoma kwenye shina la kidole cha shahada. Nilinunua seti yenye ulimi mmoja mrefu na mmoja mfupi, ambazo zote zinafungwa kwa skrubu na zinaweza kubadilishana pande. Picha kwenye boksi ilionyesha mrefu ukiwa kushoto. Nikageuza: mrefu kulia, mfupi kushoto.

Kazi yenyewe niliifanyia mezani, chumba nilichokalia kikiwa hakina risasi hata moja. Nilitoa magazini, nikavuta bolti nyuma nikaizuia hapo, nikachungulia chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), kisha nikaingiza kidole kidogo kuipapasa, kwa sababu macho huona yanachotarajia. Nikasukuma pini mbili na kutenganisha sehemu ya juu na ya chini. Nyundo, kile kipande kinachopiga pini ya kufyatulia risasi, iwe imekokiwa (imevutwa nyuma ikanaswa), la sivyo sefti haizunguki. Na ukiwa umeondoa sehemu ya juu usivute triga kwa majaribio bila kuishika nyundo kwa dole gumba, maana itajipiga kwenye ukingo wa mbele wa bodi, yaani hiyo sehemu ya chini, na bodi ni ya aluminiamu, laini kuliko nyundo.

Sefti haishikiliwi na skrubu yoyote ya kwake. Inashikiliwa na mpini. Ndani ya mpini, upande wa kulia, kuna tundu lenye springi, na springi hiyo inasukuma juu kipini cha chuma, kifupi kuliko nusu ya njiti ya kiberiti, chenye ncha inayokaa kwenye mfereji wa mhimili wa sefti, ule mti wa chuma unaopita ndani ya bodi na kuzungushwa na ulimi. Ule mlio wa "tak" unaousikia ukigeuza sefti ni ncha ya kipini ikiingia kwenye kishimo chake. Kwa hiyo unafungua skrubu ya mpini polepole, huku umeubana mpini kwa kiganja, halafu unaushusha wima. Hayo yote nilikuwa nimeyasoma. Niliushusha wima vizuri kabisa, springi ikabaki imesimama kwenye tundu lake, nikafurahi, nikageuza bodi kuitazama kwa chini, na kipini kikadondoka, kikaruka juu ya meza, kikaingia nisikokujua.

Nilikitafuta kwa dakika arobaini. Nilipiga magoti na tochi, nikapitisha sumaku kila pembe, nikakunja zulia. Kilikuwa kwenye pindo la suruali yangu. Tangu hapo kazi za bunduki nazifanyia ndani ya sinia pana lenye kitambaa, na suruali nakunjua.

Mhimili wa zamani ulitoka kwa kuvutwa upande wa kushoto. Mpya ukaingia, nikaugeuza nikatazama mfereji wake kwa chini, nikaweka kipini kwa ncha kuelekea juu (kuna watu wanaikosea hii, wanaweka ncha chini, halafu wanashangaa sefti haina mlio), nikarudisha mpini. Haraka ikaniponza hapa. Niliusukuma mpini ukiwa umeinama kidogo, springi ikajikunja ubavuni mwa tundu, nami nikaendelea kukaza skrubu juu yake. Nilipogeuza sefti haikusema "tak". Ilisogea kama kijiko ndani ya uji, na nikiiachia katikati inabaki katikati. Sefti ya namna hiyo ni hatari kuliko kutokuwa na sefti, kwa kuwa unaiamini. Nikafungua tena. Springi ilikuwa na goti. Nilijaribu kuinyoosha kwa koleo, ikanyooka kwa macho tu. Ikabidi nisubiri mpya, na bunduki ikakaa kabatini ikiwa vipande wiki nzima.

Springi mpya ilipofika niliitia grisi kidogo ili isimame, nikalaza bodi juu chini, kipini kikatulia kwa uzito wake, mpini nikauteremsha taratibu huku nachungulia springi ikiingia. Mlio ukarudi, mkali, uleule pande zote.

Zikabaki ndimi. Kila moja ina skrubu ndogo ya pembe sita, na skrubu ya ukubwa huo ukiikaza kwa hasira unaikata kichwa. Nilitia tone la gundi ya skrubu, ile ya bluu, kwa sababu ya nyekundu huwezi kuifungua bila kuipasha moto. Ndivyo nilivyofanya, na bado ulimi wa kulia ulilegea siku ya kwanza uwanjani, baada ya risasi kama sitini hivi. Nilihisi dole gumba linatikisa kitu. Sababu niliijua nilipoifungua: skrubu ilikuja na mafuta ya kiwandani, nami sikuyafuta, na gundi hiyo haishiki chuma chenye mafuta. Nilisafisha skrubu na tundu kwa spiriti, nikatia gundi upya, nikaiacha siku nzima ikauke. Haijasogea tena.

Kabla ya risasi yoyote nilipima kila kitu, tena kwa mpangilio, bunduki ikiwa imeunganishwa, tupu, mtutu ukielekea mahali salama. Sefti imefungwa: navuta triga kwa nguvu, nyundo isianguke. Naachia triga, nafungua sefti bila kugusa triga, bado nyundo isianguke. Navuta: ianguke. Naibana triga hapohapo nyuma, nakoki tena, kisha naiachia triga taratibu hadi nisikie mlio mdogo, na nyundo ibaki juu. Navuta tena: ianguke. Nikarudia yote kwa ulimi wa kushoto, kisha kwa wa kulia. Mara kumi. Mke wangu aliuliza kupitia mlango kama kuna saa imeharibika huko ndani.

Kuna jambo nililijifunza nilipokuwa na mhimili huo mkononi, na lilibadilisha namna ninavyoitazama sefti. Kwenye bunduki hii haigusi nyundo wala pini ya kupigia. Ni mhimili wa duara wenye upande mmoja uliochongwa bapa. Ukiwa umefungwa, upande wa duara unakalia mkia wa triga na kuuzuia usiinuke. Ukifungua, bapa linageuka na kuupa mkia nafasi. Basi. Kinachonitenganisha na mlipuko ni unene wa kipande hicho, na nyundo iko juu imekokiwa muda wote.

Kufunga kipuri kulikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kidole changu cha shahada, ambacho kwa miaka mitatu kilizoea kutafuta ulimi kushoto. Wiki ya kwanza kila nilipoinua bunduki vidole viwili vilianza kazi moja, kimoja huku kimoja kule, kama watu wawili wanaofungua mlango mmoja. Nikajiwekea dakika tano kila jioni na risasi bandia: inua, dole gumba chini, vuta, dole gumba juu, shusha. Polepole, bila saa. Dole gumba kushuka lilijifunza kwa siku nne. Kupanda kulichukua karibu mwezi, na hata sasa nikichoka najikuta bunduki iko chini na nafikiria kwanza ndipo dole linapanda. Ule ulimi mfupi wa kushoto sikuuondoa. Nikipiga kwa bega la kulia, kitu ambacho nakifanya mara chache kwa mazoezi, unanisaidia.

Msimamizi alinipitia tena majuzi. Alisimama nyuma yangu mfululizo mzima, na niliposhusha mtutu nikasikia "tak" yangu mwenyewe. Akaendelea kutembea, hakusema kitu.

Rafiki yangu wa mstari wa pili, mtu wa kulia tangu kuzaliwa, aliomba ajaribu. Alipiga risasi tano, akafunga sefti kwa ule ulimi mfupi wa kushoto ambao alihangaika kidogo kuupata, akanirudishia bunduki huku akisugua shina la kidole chake cha shahada. "Kuna kitu huku kulia kinanichoma," akasema. "Unawezaje kupiga na kitu kama hiki?"