Mke mwenzangu yuko Pangani

Wiki ya pili baada ya ndoa, simu ya mume wangu iliita yeye akiwa bafuni. Nikapokea. Sauti ya kikongwe ikasema, "Nipe mume wangu niongee naye."

Nikaganda. "Mume wako nani?"

"Aa, kumbe mke mwenzangu! Hujambo mwali? Umempikia nini mume wetu leo?"

Alikuwa bibi yake, mzaa baba. Shikamoo yangu ilitoka kwa aibu. Na utani huo hata kwetu Njombe upo, bibi na mjukuu wanaoana kila siku, ila ukiwa bibi harusi wa siku kumi na moja akili haiendi huko.

Tulipokwenda kumsalimia tulivuka mto kwa pantoni hadi Bweni. Alimshika mashavu yule mwanamume mwenye kitambi na ndevu, akamwita "ini langu". Nilicheka sana. Mimi ini nalijua la kukaanga na vitunguu! Bibi akanitazama. "Mtu akikuumiza sana si unasema kanikata maini? Basi huyu ndiye mwenye kisu." Kisha akafungua sanduku, akatoa doti ya kanga yenye jina "Mgeni njoo, mwenyeji apone", akaikata katikati kwa mkasi. Kipande changu, kipande chake. Wake wenza, alisema, hawavai tofauti.

Watu wa pwani wamejaliwa. Laazizi, mahabubu, muhibu, nyonda. Mume wangu ananiita "mwandani" hata anapoomba chumvi. Mimi namwita kwa jina la mtoto, Baba Fulani, basi. Ameshalalamika. Nimejaribu "laazizi" mara moja, tukacheka wote wawili, nikaacha.

Kwetu maneno hayo hayakuwepo mezani. Baba yangu akikuona anakwambia "kamwene", anauliza kama umekula, anarudi kwenye viazi vyake. Lakini kila baada ya miezi miwili hivi ananipigia: "Kuna mzigo kwenye basi, kaupokee Mbezi." Gunia la viazi, na katikati kabisa, pale ambapo havitabonyezwa, parachichi zilizofungwa gazeti moja moja. Anaongeza, "Fungua mapema." Hiyo ndiyo barua yake.

Mwanangu wa kiume nimempa jina lake, kwa hiyo namwita "baba". Shida ni kumgombeza. Utamwambiaje baba yako aache kula sabuni?

Mwezi uliopita, nikiwa nimetoka kuongea na mke mwenzangu, maneno matamu bado yako mdomoni, nilimpigia baba Njombe. Nikajikaza, nikasema, "Baba, nakupenda."

Kimya. Nikasikia kuku wake.

"Unaumwa?" akauliza.

Jumamosi basi likaleta gunia jingine. Sikuwa nimeagiza, na la kwanza tulikuwa hatujalimaliza.