Nasaba ya Elizabeth Tilley: gavana ametoka kwenye mti

Suala la baba yake nimelifunga. Kizazi baada ya kizazi, akina Howland walisimuliana kwamba bibi yao alikuwa binti wa John Carver, gavana wa kwanza wa koloni la Waingereza la Plymouth, huko Amerika. Chanzo cha hadithi kinaonekana: mumewe, John Howland, alivuka bahari kwa meli ya Mayflower mwaka 1620 akiwa mtumishi wa Carver. Na nani angekataa babu gavana?

William Bradford, aliyesafiri nao, aliandika waziwazi kwamba Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tilley, wakapata watoto kumi. Lakini mswada wake wa historia ya koloni ulikuwa umepotelea Uingereza, ukaja kutambuliwa mwaka 1855 katika maktaba ya Askofu wa London. Kufikia hapo hadithi ya Carver ilikuwa imeota mizizi.

Rejista ya kanisa la Henlow, Bedfordshire, inamuunga mkono Bradford: Elizabeth alibatizwa Agosti 1607, na wazazi wake, John Tilley na Joan Hurst, walifunga ndoa hapohapo mwaka 1596. Joan alikuwa mjane wa Thomas Rogers. Hapa nimeweka alama nyekundu, maana kwenye Mayflower alikuwemo Thomas Rogers mwingine kabisa. Huyo mume wa kwanza wa Joan alikuwa kaburini siku nyingi.

Wazazi wote wawili walifariki katika majira ya baridi ya kwanza, kwa hiyo kwao hakuna wasia wa kutafuta.

Wasia wa Elizabeth mwenyewe, wa Desemba 1686, ndio hati ninayoipenda kuliko zote. Mama huyu hakutia saini, aliweka alama tu, ilhali anagawa Biblia kubwa na maandishi ya Tyndale, mtafsiri wa Biblia kwa Kiingereza, pamoja na magodoro na mashuka. Mjukuu wake Desire Cushman anapewa kondoo wanne. Kondoo hao wana thamani kubwa kwangu: Ruth, bintiye aliyeolewa na Thomas Cushman, alikuwa ameshafariki, na mjukuu huyo ndiye anayeliunganisha tawi hilo na shina.

Tarehe za Januari hadi Machi naziandika kwa miaka miwili, kwa kuwa mwaka wa Waingereza wa enzi hizo ulianza tarehe 25 Machi. Ndiyo maana kifo cha Howland kinasomeka Februari 1672/73.

Sasa naingia kwa Desire mkubwa, binti wa Elizabeth aliyeolewa na John Gorham wakahamia Barnstable.