"To" iliyoniharibia kibao

Mwalimu wetu wa tuisheni ya Kiingereza alitukaririsha: ukiona kitenzi cha mwendo, kifuatishie "to". Daima! Nikaishika sheria hiyo kama sala, hadi mapokezi ya nyumba ya wageni ninakofanya kazi, Mji Mkongwe.

Ghorofa ya juu wanakaa wenye nyumba, na wageni walikuwa hawaishi kupanda. Bosi akaniambia, "Wewe si msomi? Tengeneza kibao." Nikampelekea fundi maneno yangu: PLEASE DO NOT GO TO UPSTAIRS. Ubao wa mninga, herufi nyekundu, elfu thelathini na kitu. Nikapiga nacho picha. Kesho yake akashuka bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, akasimama mbele ya kibao, akaifunika TO kwa dole gumba, akanigeukia dole likiwa palepale. "Sasa kimepona," akasema.

Nilivyojitibu ndiyo aibu zaidi: niliifukuza "to" kila mahali. Nikawa nawaambia wageni "go beach", nao wananijibu polepole, kama wanaongea na mtoto.

Dawa niliipata jikoni. Mpishi alikuwa anamfokea msaidizi wake: "Njoo hapa! Nenda nje! Peleka juu!" Nikaganda na trei mkononi. Hakuna anayesema "njoo kwenye hapa", wala "hapani"! Neno lenyewe limeshabeba mahali. Kumbe Waingereza nao ni vivyo hivyo: come here, go outside, take it upstairs, go abroad. Soko ndilo linalotaka kuvishwa -ni, na kwao ndilo linalodai "to": go to the market. (Majina ya miji usiniletee. Sisi twenda Tanga bila kitu, wao "to Tanga".)

Iliyonisumbua ni "home", maana nyumbani ina -ni na bado ni "go home" tu. Nilituliza moyo hivi: nyumba ni "house", "home" imezaliwa na -ni yake tumboni. Ila ukimtaja mwenyewe, "to" inarudi: go to my uncle's home. Na "from" haifukuzwi, from here, from abroad, kama tunavyosema kutoka hapa.

Fundi alitaka elfu kumi kurekebisha kibao. Nimebandika stika ya embe juu ya TO. Wageni wanadhani ni pambo.