Ikishalia kengele, ticha anabaki na nani?

Tuseme ukweli walimu wenzangu, hakuna anayesaidia wote. Darasa lina watoto sabini na kitu, kengele ya kutoka imeshalia, wewe mwenyewe una madaftari ya kusahihisha na daladala ya kugombania, halafu bado unajikuta umekaa barazani na watoto watatu mnasolvu logarithimu mpaka jua linaanza kuzama. Sasa kwa nini hao watatu? Wazazi wengi wanasema upendeleo tu, wengine wanasema tunabeba vipanga, wale wanaoongoza darasani, ili shule ipate jina. Mi nafundisha Mathe shule ya kata na naona sio hivyo, au tuseme sio hivyo tu.

Pesa tuiweke pembeni kabisa. Twisheni ya kulipia ipo na kule mwalimu hachagui, anayelipa ndo anaingia. Naongelea hii ya bure ambayo hakuna mtu kakutuma wala haipo kwenye ratiba.

Vipanga kwa kweli hawatuhitaji kihivyo. Mpe pasti pepa za NECTA (baraza la mitihani la Tanzania) za miaka mitano atapotea nazo wikiendi nzima, jumatatu anakuja kukuonyesha njia fupi kuliko ile uliyofundisha wewe (na anaionyesha mbele ya darasa, ndo tabia zao). Na wale wa chini kabisa, hao miaka saba wamesoma hesabu kwa Kiswahili, wamefika fomu wani kila kitu kimegeuka Kiingereza, mpaka wanafika fomu foo swali lenyewe hawalisomi, nusu saa ya jioni haiwatoshi na inauma kusema ila wengi wetu tunawaruka.

Tunayemshika ni wa katikati, na hapa kuna hesabu ambayo wazazi hawaijui. Kwenye mtihani wa taifa wa fomu foo pointi chache ndo nzuri: Division three inaishia pointi 25, ukigonga 26 uko four. A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5, na zinachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Sasa mtoto matokeo ya mtihani wa mkoa yanasoma 26 na Mathe ana D, unamwangalia unasema huyu akitoka D akaingia C amevuka, tena ile C ni krediti, inamsaidia kutafuta fomu faivu, D haimsaidii kitu huko. Mtoto wa hivyo hata ukiwa umechoka vipi unashindwa kumwacha.

Ila hata hao wa katikati ni wengi, kwa hiyo linaangaliwa daftari pia. Kuna anayekuja "madam sijaelewa", unamuuliza wapi, anakwambia yote. Na kuna anayekuja na swali kalifanya, kafuta, kafanya tena, kakwama mstari wa nne na mstari wenyewe kauzungushia peni. Huyo wa pili nampa kiti. Naweza nisimjue hata kwao wapi.

Halafu kuna jambo tunaongea ofisini kwa sauti ya chini tu. Hizi Mathe na Fizikia shule nyingi wanaofundisha ni wanaume, na mwalimu wa kiume akibaki na msichana jioni mtaa mzima una la kusema. Tangu sheria ibadilishwe 2016 ukimpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, na mi naiunga mkono kabisa, walioharibu watoto wa watu wapo na tunawajua. Ila mwalimu mwema naye anaogopa, kwa hiyo jioni anabaki na wavulana, basi. Msichana mwenye 26 yake anarudi nyumbani kuchota maji na kupika, na hakuna aliyemkatalia, ni vile tu hakuna aliyemwambia abaki.

Ndo maana mi nachagua wasichana kwanza na sioni aibu, mkiita upendeleo iteni. Wanakuja wawili au watatu, hakuna wa peke yake, tunakaa barazani kila apitaye anatuona, na mzazi anakuwa na namba yangu kabla hatujaanza. Mwaka huu kuna mama mmoja alikuja mpaka shule kuhakikisha kwamba hiyo hesabu ya jioni ipo kweli, akakaa nasi hadi mwisho akichambua mchicha wake. Siku hizi haji tena, ikifika saa kumi na moja anabipu, namtumia meseji ndo wanatoka. Hajawahi kuuliza binti anapata ngapi, anauliza katoka saa ngapi na yuko na nani njiani.