Pikapu Niliyoiosha

Mwaka 2009, miezi saba baada ya kumzika Baba, niliosha pikapu yake siku nzima. Ilikuwa Peugeot 504 nyeupe, ya kubebea viazi na kabeji kutoka Ol Kalou hadi Nakuru, na tulikuwa tumepata mnunuzi. Nilichota maji mtoni ndoo baada ya ndoo, nikamwaga Omo, nikasugua. Nilikwangua udongo mweusi wa Nyandarua uliokuwa umegandamana penye pedali. Chini ya kiti cha dereva nilitoa vifuniko vya soda, vijiti vya kiberiti alivyokuwa akivitafuna, daftari la madeni lenye alama za dole gumba lake, na kofia ya sufu iliyonuka jasho na dizeli. Vyote nikavitupa kwenye shimo la takataka nyuma ya boma, nikavichoma. Mnunuzi alipokuja aliizunguka mara mbili, akafungua mlango, akanusa, akasema, "Kijana, hii gari mmeitunza." Pesa zile ndizo zilizonikatia tiketi ya ndege ya kuja Boston.

Kwa miaka tisa sikuona kosa lolote katika kazi ya siku ile. Nililiona Jumamosi moja ya Novemba 2018, makaburini, katika mji wa Bourne, jimbo la Massachusetts, na kilichonionyesha ni wimbo wa kantri.

Mimi naishi Lowell. Wakenya tuko wengi hapa, na wengi wetu tuliingilia mlango uleule mmoja, wa kutunza wazee. Wakati huo nilikuwa nikimtunza mzee mmoja aliyepigana Vietnam akiwa kijana wa miaka ishirini. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla, akazikwa Bourne, kwenye makaburi ya taifa ya wanajeshi, ambako mke wa mwanajeshi huruhusiwa kulazwa na mumewe humfuata papo hapo siku yake ikifika. Mzee alikuwa akilijua kaburi lake mwenyewe. Wiki nzima alikuwa amenisihi nimpeleke siku ya bendera, siku ambayo watu huenda kuchomeka bendera ndogo kwenye makaburi yale.

Tulishika barabara ya 495 tangu Lowell, tukaenda kusini kwa muda wa karibu saa mbili, tukavuka daraja lililo juu ya Mfereji wa Cape Cod, na huko ng'ambo tukakuta magari yamepanga foleni kana kwamba kuna harusi ya mtu mkubwa. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Vikongwe, waendesha pikipiki wenye ndevu na makoti ya ngozi, watoto wa skauti, wanawake wenye vichanga vifuani. Kila mmoja alipewa fungu la bendera ndogo. Makaburi ya Bourne hayana misalaba wala mawe yaliyosimama kama tunayoyaona kwenye picha za Arlington, makaburi ya wanajeshi yaliyo karibu na Washington. Mawe yake yamelazwa sawasawa na nyasi, kwa hiyo ukitazama kwa mbali unaona uwanja mtupu wa kijani. Kisha watu wakaanza kuinama, na uwanja ule ukawa unaota bendera safu kwa safu mbele ya macho yangu.

Mzee alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, naye ndiye aliyenifundisha. Unatoboa kwa bisibisi kwanza, maana ukisukuma kijiti kwa nguvu kitakatika. Chini ya nyasi za Bourne kuna mchanga, bisibisi inazama kwa mlio mdogo mkavu. Unatia bendera, unakanyaga kidogo pembeni isilegee. Kisha, na hapa mzee hakutaka mchezo, unasoma jina kwa sauti. Si moyoni. Kwa sauti. Nilisoma la kwanza kwa aibu, lafudhi yangu ya Nyandarua ikimtafuna marehemu Muirishi wa watu. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nikasoma la pili. La kumi. Jina, jeshi alilolitumikia, vita alivyopigana, siku aliyozaliwa na siku aliyokufa. Kufikia bendera ya thelathini sikuwa tena naona aibu, nilikuwa naita watu.

Tulipofika kwa mkewe aliniomba nimteremshe. Nilimshika kwapani, tukapiga magoti wote wawili. Alifuta jiwe kwa mkono wa koti lake, akatoa jani moja lililonata kwenye herufi, akakaa na lile jani kiganjani muda mrefu.

Kuna jambo nililifanya pale ambalo sijamwambia mtu. Yupo kijana niliyesoma naye shule ya msingi, dawati moja, aliyeingia Jeshi la Ulinzi la Kenya, naye aliuawa kambini El Adde, Somalia, alfajiri ya tarehe 15 Januari 2016. Sikuwahi kufika kwenye mazishi yake. Mkononi nilikuwa nimebakiwa na bendera moja. Niliitia kwenye jiwe la mtu nisiyemjua, nikasoma jina la mwenyewe kwanza, kwa haki yake, kisha nikalitaja la rafiki yangu.

Tuliporudi maegeshoni ndipo nilipousikia wimbo. Kulikuwa na pikapu kubwa imeachwa milango yote miwili wazi, redio imefunguliwa, na watu wapatao kumi wamesimama kuizunguka bila kusema neno. Sauti ya mwanamume, gitaa, kisha inapanda.

Msidhani muziki wa kantri niliukuta Marekani. Nililelewa nao. Ile Peugeot ilikuwa na redio ya kanda, na Baba alikuwa na kanda sita, nne kati yake za Jim Reeves. Alikuwa akimwita "Jim" tu, kama mtu wa kijiji cha pili. Siku nilipomweleza kuwa Jim alikufa katika ajali ya ndege mwaka 1964, alisimamisha gari kando ya barabara, akauliza, "Sasa huyu anaimba kila siku ni nani?" Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, lakini Distant Drums alikuwa anauimba wote: wimbo wa mtu anayesikia ngoma za vita kwa mbali, akimsihi mpenzi wake waoane kabla hajaitwa. Akifika mahali pa kumtaja Mary, alikuwa anapiga usukani kwa viganja viwili. Pale kwetu ukisema kantri ni muziki wa Wazungu watu watakushangaa. Ni muziki wa baba zetu, wa Jumapili baada ya kanisa, redio iko dirishani na chai iko mezani.

Kwa hiyo nilisimama nikasikiliza kama mtu aliyeitwa kwao. Mzee akanishika mkono. "Huu," akasema, "ni wimbo wa baba wa kijana aliyetuletea bendera hizi."

Sikuelewa. Akanieleza pale pale, upepo unapuliza, na mengine nikayasoma mwenyewe usiku ule. Kijana ni Jared Monti, wa mji wa Raynham, Massachusetts. Tarehe 21 Juni 2006, milimani Nuristan, Afghanistan, kikosi chake kidogo kilishambuliwa na adui aliyekuwa na watu wengi zaidi. Askari mmoja wa chini yake alijeruhiwa akaangukia mahali pasipo na kinga. Jared alitoka kumfuata, risasi zikamrudisha. Akatoka mara ya pili, zikamrudisha. Mara ya tatu hakurudi. Alikuwa na miaka 30. Mwaka 2009 Rais Obama aliwakabidhi wazazi wake Medali ya Heshima, nishani kubwa kuliko zote za jeshi la Marekani.

Alichoacha ni pamoja na pikapu, Dodge Ram. Baba yake, Paul Monti, mwalimu mstaafu, akawa anaiendesha. Siku ya kuwakumbuka mashujaa ya mwaka 2011 alihojiwa redioni, akaulizwa kwa nini anaendesha gari la mwanawe, akajibu kwa namna ya kusema kwamba mwanawe yumo mle ndani, amebaki kila mahali garini. Mwanamke mmoja mtunzi wa nyimbo, Connie Harrington, alikuwa anaendesha gari huku akisikiliza. Alilia. Aliandika alichokisikia hata kabla hajajua yule baba anaitwa nani, na pamoja na Jessi Alexander na Jimmy Yeary wakakigeuza kuwa wimbo, I Drive Your Truck. Lee Brice akauimba, na mwaka 2013 ukapata tuzo ya CMA, chama cha muziki wa kantri cha Marekani, ya wimbo bora wa mwaka.

Na bendera? Paul Monti ndiye aliyeona makaburi ya Bourne, alikozikwa mwanawe, hayana bendera kwenye kaburi la mtu mmoja mmoja, akashikilia mpaka ikakubaliwa watu waje waziweke. Mzee alisema, "Mwalimu huyo. Hachoki." Mwalimu huyo alifariki mwaka 2022. Sikupata kumsalimia, na ningependa sana ningempa mkono.

Wimbo ule ulirudiwa. Mwenye pikapu alibonyeza tena, hakuna aliyemwomba. Mara ya pili niliyasikia maneno. Hauzungumzii vita. Hauzungumzii taifa wala ushujaa. Unahesabu vitu vilivyoachwa garini: sarafu ndani ya kisahani cha majivu ya sigara, chupa ya kinywaji iliyobaki nusu, kopo kuukuu la tumbaku, viatu. Vitu visivyofaa kitu. Mtu anayeimba hajavigusa. Anaketi katikati yake, anashusha vioo, anaendesha.

Vijiti vya kiberiti vilivyotafunwa. Vifuniko vya soda. Alama za dole gumba.

Nilishika mpini wa kile kiti cha magurudumu nikahisi magoti yanakwisha nguvu. Sikulia kwa sababu pikapu iliuzwa. Kuuzwa ilikuwa lazima, na Baba angeiuza yeye mwenyewe kwa bei nzuri zaidi. Nililia kwa vile nilivyoiosha. Nilikuwa nimechukua ndoo na sabuni nikamtoa mle ndani kidogo kidogo, penye pedali, penye usukani, chini ya kiti, mpaka akaisha, na nikasifiwa. Mwendesha pikipiki mmoja, jitu la mtu, alinijia akaniuliza, "Ndugu yako?" Nikamjibu, "Baba yangu." Hakuuliza alipigana wapi. Alinikumbatia, nami nilimwachia aamini anavyoamini, kwa sababu pale hapakuwa na mtu aliyekuwa akipima kifo cha nani kina haki ya kuliliwa.

Tukirudi, mzee alilala. Katikati ya safari niliona kibao cha kuingilia Raynham kando ya 495. Asubuhi tulikuwa tumekipita bila kujua.

Jumapili asubuhi nilimpigia Mama. Kwake ilikuwa saa tisa alasiri, ametoka kanisani. Tulisalimiana, nikamuuliza mvua, nikamuuliza ng'ombe. Kisha nikasema, "Mama, unaikumbuka ile pikapu?"

"Ya baba yako? Nitaisahauje?"

Nikamweleza wimbo. Nikamtafsiria vile vitu vya garini kimoja kimoja kwa Kikuyu. Nikamwambia nilivyoviosha na kuvichoma, na kwamba naomba anisamehe.

"Nikusamehe nini?" akasema. "Hiyo Omo nilikupa mimi. Gari chafu nani angenunua?"

Akanyamaza. Nilidhani simu imekatika.

"Yule mtu aliyeinunua," akasema, "alikuwa akipita hapa kila Alhamisi kwenda sokoni. Nilikuwa naisikia inateremka pale kwa kanisa, inabadilisha gia vile alikuwa anaibadilisha yeye. Najikuta nimeshainuka, nimeshaweka sufuria ya chai motoni. Chai ya watu wawili."

"Ukafanya hivyo mpaka lini?"

"Mpaka aliponunua lori." Nilimsikia akivuta kiti. "Ilikuwa miaka minne. Nilikuwa nainywa mwenyewe, hakuna kilichomwagika."

Nikashindwa kujibu. Nikamwekea wimbo, simu moja imeegemezwa kwa nyingine, naye akasikiliza hadi mwisho bila kuelewa neno. Ulipokwisha akauliza kama yule mzazi bado anaendesha gari la mtoto wake. Nikamwambia, kwa nilivyoambiwa, anaendesha.

"Mungu amtunze," akasema. "Na wewe, umekula?"