Aproni Nyeupe Juu ya Jeneza

Jumapili, saa tano usiku. Nimetoka kazini miguu imevimba, lakini silali mpaka niandike haya. Jana tulimzika Mzee.

Mnaonisoma siku zote mnalijua boksi langu: nalea wazee majumbani, hapa Houston. Huyu nilikaa naye miaka mitatu kasoro miezi. Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Jackson, Mississippi, dereva wa basi mstaafu. Yeye aliniita binti, mimi nikamwita Mzee, hivyohivyo kwa Kiswahili, mpaka wajukuu zake nao wakaiga. Nilimwogesha, nikamkata kucha, nikamsomea gazeti macho yalipofifia. Kwenye droo ya soksi alikuwa na kipochi cheusi cha ngozi, akaniomba nisikiguse. Sikukigusa. Ila wiki ya kwanza tu nilishaiona pete kidoleni mwake, ina bikari na skwea ya fundi vimepandana, alama ya Frimasoni, na moyo ulinipasuka. Usiku ule nilisali rozari nzima ndipo nikalala.

Nimekulia Morogoro. Kwetu neno Frimasoni lilisemwa kwa kunong'ona. Msanii akifa ghafla, Frimasoni. Basi likipinduka, kafara. Tajiri akifiwa na mtoto, amemtoa mwenyewe. Shuleni tuliambizana kwamba mwanachama akifa hazikwi mtu pale, jeneza linalazwa mgomba, mwenyewe kashachukuliwa kwenda kutumika kuzimu. Nililiamini hilo mpaka nimekuwa mtu mzima, nasema ukweli wangu.

Ijumaa jioni ndipo palikuwa pa kuaga mwili. Jeneza wazi. Nilisogea nikauangalia uso wa Mzee, nikaliona kovu dogo chini ya kidevu nililomkata mimi mwenyewe mwaka juzi nikimnyoa. Alikuwa ni yeye. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ilivyo adabu, nikiliangalia lile kovu.

Kisha wakaingia Wafrimasoni wenzake. Wanaume kumi na saba, niliwahesabu, suti nyeusi, glavu nyeupe, aproni nyeupe viunoni. Nyuma yao wanawake wa Nyota ya Mashariki, chama ndugu na chao, magauni meupe tangu shingoni hadi miguuni. Mmoja wa wanaume alikuja na kigari cha kutembelea, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine. Kiongozi peke yake alikuwa na kofia kichwani. Walijipanga kulizunguka jeneza, na katibu akaita jina la Mzee. Kimya. Akaliita tena. Kimya. Mara ya tatu sauti yake ilikatika katikati ya jina. Hapo binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa hajatoa chozi tangu Jumatatu, aliachia kilio.

Binti huyo ndiye aliyekuja na kile kipochi. Kiongozi akakifungua, akatoa aproni ya ngozi ya kondoo, imeanza kuwa njano kwenye mikunjo. Kumbe ndicho kilichokuwa chini ya soksi miaka yote. Alisema ni alama ya moyo usio na hila, na kwamba Mzee alikabidhiwa siku aliyoingia, leo anaondoka nayo. Akaitandika juu ya jeneza, akainyoosha mikunjo kwa kiganja, polepole, kama mama anavyonyoosha shuka la mtoto. Mmoja mmoja wakapita wakiweka kitawi kibichi, alama ya roho isiyokufa. Mwisho wakakunja mikono vifuani, wakainua juu, wakaishusha, mara tatu, na kila mara wakaitikia pamoja maneno ambayo kwa lugha yetu ni: na iwe hivyo. Nilijikuta nimesema amina.

Dakika ishirini, basi. Sikuona damu, wala fuvu, wala mlango wa siri. Niliona wazee wa mtaani wakimsindikiza mwenzao.

Na mimi nikawaza WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, wa parokia yetu. Mama yeyote wa WAWATA akifa, wenzake wanafika na sare, wanasimama mistari miwili, wanaimba, wanamsindikiza hadi shimoni, na hata asiyejua kanisa linafundisha nini anaondoka akisema wale akina mama wanapendana. Nikawaza pia chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu, daftari lake la michango, turubai na masufuria yake. Kila siku tuliuliza Frimasoni ni kitu gani. Ijumaa niliona upande wao mmoja ambao Mswahili yeyote angeuelewa bila kuelezwa.

Mzee mwenyewe aliwahi kuniambia jambo ambalo sikulielewa wakati ule. Alirudi kutoka msiba wa mwenzao akiwa amenuna. Walifika wanne tu, mmoja akasoma maneno kwenye kadi haraka haraka kama anayesoma bili ya umeme, jina la marehemu akalikosea. Watoto wa marehemu wakaangaliana. "Binti," akaniambia, "watu wa nje wanatuona siku hii tu. Wakituona hivi, watatukumbuka hivi." Baadaye nikajua kwa nini lilimuuma. Marekani mwaka 1959 Wafrimasoni walizidi milioni 4, leo hawafiki milioni 1, na waliobaki wengi ni wazee. Mara nyingi mtaa unawaona wakiwa na aproni misibani tu.

Mzee aliwaona kwa mara ya kwanza hivyohivyo. Medgar Evers, mpigania haki za watu weusi, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake Jackson, Juni 12, 1963. Siku tatu baadaye ibada yake ya mazishi ilifanyika kwenye ukumbi wa Wafrimasoni weusi, mtaa wa Lynch, jengo lilelile lililokuwa na ofisi yake. Maelfu walifika, Martin Luther King akiwemo. Mzee alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, amesimama nje juani kwa kuwa ndani hapakuwa na pa kukanyaga. Aliniambia alichojiuliza si wanaabudu nini. Alijiuliza ni watu gani hawa wenye jengo lao wenyewe Mississippi ya wakati ule, na wanathubutu kulifungua kwa msiba huu.

Tawi lao linaitwa Prince Hall, kwa jina la mtu mweusi huru wa Boston aliyeingizwa chamani pamoja na wenzake 14 mwaka 1775, kupitia loji, yaani kikundi cha Wafrimasoni, ya askari wa jeshi la Uingereza. Loji za wazungu ziliwafungia milango, wakajijengea za kwao. Habari hii peke yake ingetosha shajara nzima, nitairudia siku nyingine.

Lakini sitaki kumdanganya mtu kwamba msiba mmoja umenijibu kila kitu. Msibani kila mtu ni mwema, hakuna anayesimama kaburini akataja madeni. George Washington alizikwa Mount Vernon, Desemba 18, 1799, na baada ya mchungaji kumaliza, loji ya Alexandria namba 22 ikafanya ibada yake. Aliyeiongoza, Elisha Dick, alikuwa mmoja wa madaktari waliokuwa kitandani pake siku nne kabla. Sidhani palikuwa na heshima kubwa kuliko hiyo mbele za watu. Miaka 27 baadaye, mwaka 1826, katika jimbo la New York akatoweka William Morgan, aliyetangaza kwamba atachapisha siri zao, na lawama zikawaangukia Wafrimasoni. Hasira ikazaa hata chama cha siasa cha kuwapinga, loji nyingi zikafungwa. Aproni ya Washington haikuwafaa kitu mwaka huo.

Na mimi ni Mkatoliki. Kanisa langu lilikataza jambo hili tangu mwaka 1738, likarudia 1983, na Novemba 2023 likasema tena kwamba msimamo haujabadilika. Sijaingia wala siingii. Nilipompigia Mama jana usiku, akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ulikaa humo ndani mpaka mwisho?" Nikamjibu, "Ndiyo Mama, nilikaa. Nilimwogesha mzee wa watu miaka mitatu, ningemwacha peke yake siku ya mwisho?" Akanyamaza, kisha akasema, "Hapo sawa. Maiti haisusiwi." Huyo ndiye Mama.

Kinachonikosesha usingizi ni kwetu. Kwa nini sisi tumebaki na mgomba na kafara? Nimekaa nikafikiri, na sehemu ya jibu naiona hapa hapa. Loji za Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa zilitoka Uingereza, na Loji Kuu ya Uingereza, Septemba 1962, iliwaelekeza wanachama wake kwamba wasishiriki mazishi kama Wafrimasoni, pasiwe na sala zao kaburini, na mavazi yao yasivaliwe hadharani ila kwa nadra sana. Hoja yao ni kwamba mtu akizikwa kwa dini yake imetosha, hapungukiwi kitu. Ni hoja ya heshima, tena naielewa. Ila matokeo yake ni kwamba Mtanzania anaweza kuishi miaka themanini, akazika majirani mia, asione hata siku moja Frimasoni akimlilia mwenzake.

Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania, aliongoza loji za Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na alikuwa mmoja wa wachache waliokubali kukaa mbele ya waandishi wa habari na kuulizwa uso kwa uso kama wanamwabudu shetani. Akakanusha kwa upole. Alipofariki Aprili 2017, nakumbuka kijiweni hawakuongelea shule wala hospitali alizozisaidia. Swali lilikuwa: sasa hao watamzika vipi? Alikuwa Mhindu, na mazishi ya Kihindu kila mtu mjini anayajua. Ila waliouliza walitaka kuona kingine, na walipokosa kukiona, wakajaza wenyewe.

Na anayejaza mapengo hayo si mpiga soga tu. Mtoto wa mama mdogo, kaka yangu kabisa kwa malezi, aliona karatasi imebandikwa kwenye nguzo ya umeme: jiunge na Frimasoni, utajiri ndani ya siku saba, piga namba hii. Alikuwa na pikipiki ya bodaboda, mke na mtoto mchanga. Akatuma laki mbili ya fomu. Akatuma laki tatu ya pete. Akauza pikipiki atume ya "sherehe ya kupokelewa". Namba ikazimwa. Hakwenda polisi, angeanzaje kusema alikuwa anajiunga na nini? Familia nusu ilimcheka, nusu ikamwogopa, na mama mdogo alimwita padre kuombea nyumba.

Leo mchana, kabla ya zamu, nilimpigia. Nikamweleza yote: jina lililoitwa mara tatu bila jibu, aproni iliyoanza kuwa njano, yule mzee wa kigari aliyekataa kusaidiwa kuinama aweke kitawi chake. Nikamwambia Mzee alikaa nao zaidi ya miaka arobaini akifa anaishi nyumba ya vyumba viwili, gari lake bovu, na kwamba kila mwezi yeye ndiye aliyekuwa akilipa ada.

Hakunikatiza. Nilisikia mtoto analia nyuma yake, na honda za watu zikipita barabarani. Mwishoni akauliza, taratibu, "Dada, sasa yule niliyekuwa namtumia hela alikuwa nani?"