Daftari moja kwa masomo matatu

Siku nilipomwambia mama kwamba nimekubaliwa kusoma hesabu, informatiki na ualimu kwa pamoja, alikuwa akipanga nyanya mezani pake, soko la Kadutu, mjini Bukavu. Akaniuliza bila kuinua kichwa: "Sasa, mama, utakuwa mwalimu ama fundi wa mashine?" Nikanyamaza. Mimi mwenyewe sikujua.

Sisi tulisoma kwa mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat), ule uliowekwa na sheria ya elimu ya Kongo ya Februari 2014; kwa Licence yetu: miaka 3, semesta 6, kredi 180. Kwenye karatasi programu yetu ilipendeza. Upande mmoja algebra, analizi na nadharia ya namba; upande wa pili algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa mpangilio, lugha za kuandikia programu na hifadhidata; halafu saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundisha hesabu, na staji, yaani mazoezi ya kufundisha, shuleni mwaka wa mwisho. Darasani mambo yalikuwa mengine. Kila mwalimu alifundisha kama vile wenzake hawapo. Nikawa na madaftari 3 ya rangi 3, na kichwa nacho kikagawanyika vivyo hivyo. Semesta ya kwanza ilipoisha nilipata 14 juu ya 20 katika algebra, na 7 katika algorithimu. Iliniuma sana, kwa sababu silabusi ya algorithimu nilikuwa nimeikariri yote, toka ukurasa wa kwanza.

Kompyuta zilikuwa 8, sisi tulikuwa 53, na umeme ulikuja na kuondoka bila kuaga. Ukikaa Bukavu unaiona Ruzizi ikitoka ziwani hapa hapa mjini, ikienda kuzungusha mitambo ya umeme kule chini, halafu usiku unasoma kwa tochi ya simu. Siwezi kulizoea jambo hilo.

Ni katika giza hilo nilipoanza kuendesha programu kwa mkono. Nilichora jedwali, safu moja kwa kila kigeu, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika, mimi nikawa kompyuta. Nilianza na kigawo kikubwa cha shirika cha 252 na 105, tunachokiita PGCD: namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki. Katika 252, 105 inaingia mara 2, baki 42. Katika 105, 42 inaingia mara 2, baki 21. Katika 42, 21 inaingia mara 2, baki 0. Jibu ni 21. Mistari mitatu tu, na kwa mara ya kwanza niliona kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, kinavyozunguka, badala ya kukumbuka kilivyoandikwa.

Lakini mbona kinasimama? Hilo ni swali la somo la hesabu, na jibu lilikuwa pale pale kwenye jedwali: baki linapungua kila mzunguko, wala haliwezi kushuka chini ya 0. Nikajiuliza tena: mtoto wa darasa la nane atayakubali haya kwa nini? Nikachukua boksi la sabuni, nikakata kipande cha sentimita 30 kwa 21. Humo nikatoa mraba mmoja wa 21, kikabaki kipande cha 21 kwa 9. Nikatoa miraba 2 ya 9, kikabaki cha 9 kwa 3. Nikatoa miraba 3 ya 3, na mkononi hakikubaki kitu. 3 ndiyo PGCD ya 30 na 21. Vipande vile ninavyo hadi leo.

Toka usiku ule nilibaki na daftari moja. Kila mada ilipata ukurasa wenye sehemu tatu: nathibitisha, naandika programu, nafundisha. Sehemu ya tatu ndiyo iliyokuwa ikinikamata uongo. Mara nyingi nilidhani nimeelewa, kisha nikashindwa kumweleza mdogo wangu jikoni, nikarudi kuanza upya. Mtihani wa kurudia nilipata 13. Mama alipouliza tena, nilimwambia ni kazi moja. Akacheka, akasema basi nitalipwa mshahara mmoja.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga programu ile upya, staji ningeileta mwaka wa kwanza, hata kwa wiki mbili tu. Kilichonifunza zaidi kilinifikia nikiwa karibu kumaliza.

Nilitumwa kufundisha darasa la nane huko Bagira, mtaa mwingine wa Bukavu. Watoto 46, laptopu moja, yangu. Nilitaka wamwone kobe wa Python, lugha ya kuandikia programu: alama ndogo kwenye skrini inayotembea na kuchora mistari kwa amri zako. Wazo hilo lilitoka katika Logo, lugha ambayo Seymour Papert na wenzake waliitunga Marekani mwaka 1967 ili watoto wajifunze hesabu kwa kuipa mashine amri. Kumtumia kobe huyo hakuhitaji intaneti. Unahitaji umeme tu, na siku hiyo haukuwepo.

Nikawatoa uwanjani. Msichana mmoja akawa kobe, akiburuta kijiti ardhini, mvulana akawa mtoa amri. Tulitaka pembetatu ya pande sawa. "Tembea hatua 5. Geuka digrii 60." Mara tatu.

"Mwalimu, haijafunga!"

Kweli, ardhini palikuwa na mistari mitatu iliyopinda kama bakuli. Na kila mtoto alijua kwamba kona ya pembetatu ile ina digrii 60. Kosa hilo nilishalifanya mimi mwenyewe mwaka wa kwanza, nikailaumu kompyuta. Nikajizuia nisiseme. Wakabishana, wengine wakifuta mistari kwa viatu. Yule kobe akarudi kwenye kona, akanyoosha mkono mmoja kule alikokuwa akielekea, na mwingine kule alikotakiwa kwenda. Akaitazama mikono yake.

"Sigeuki ile ya ndani," akasema. "Nageuka inayobaki. Ni 120."

Wakaanza upya kwa 120, na kijiti kikarudi pale pale kilipoanzia.

Nilidhani tumemaliza. Mvulana wa amri alikuwa bado ameinamia lile bakuli la kwanza. "Hii nayo tusiiache," akasema, akamwita kobe wake na kumwamuru aendelee na 60 zake mara tatu zaidi. Pembesita ikafunga.